Tafakari ya Ramadhani, siku ya 14: Imamu akisahau, safu isinyamaze



Funga ya 14 hiyo, nusu ya mwezi inatuaga taratibu. Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, na walioko mashambani ng'ambo ya mto awarudishe salama kwa familia zao.

Darsa la leo ni refu kidogo kuliko tulivyozoea. Lisome ukiwa unangoja futari, au liweke mpaka baada ya tarawehe. Ndani yake kuna jambo ambalo nimekaa nalo miaka kadhaa na sijawahi kulisema juu ya mimbari.

Nianze na jana usiku. Mliokuwepo mnajua. Katika tarawehe nilimaliza rakaa ya pili, badala ya kukaa tahiyatu nikaanza kusimama. Uchovu tu, akili ilishatangulia kwenye aya zinazofuata. Kabla sijanyooka ikaja "Subhanallah" kutoka safu ya nyuma kabisa, sauti nyembamba ya mtoto wa madrasa. Nikarudi, nikakaa, mwisho tukasujudu sijda mbili za kusahau, mambo yakaendelea.

Baada ya swala baba wa yule mtoto akanijia haraka haraka kuniomba radhi. "Shehe, utamsamehe, bado mdogo, hajui adabu." Nikamwambia, mzee wangu, huyu ndiye mwenye adabu kuliko sisi sote humu ndani. Kisha nikamgeukia ndugu yetu mmoja wa safu ya kwanza, mtu mzima, msomi wa Qur'ani, nikamuuliza kama yeye hakuona. Akasema: "Niliona, shehe. Ila nikasema labda unajua unachofanya."

*Labda unajua unachofanya.* Shikeni maneno hayo, nitarudi kwayo.

Mnakijua kisa cha Dhul-Yadayni, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, siku moja aliswalisha swala ya mchana ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya mbili. Msikitini walikuwemo Abu Bakr na Umar, Mungu awawie radhi. Mpokezi wa hadithi anatueleza kwamba hata hao wawili waliogopa kumsemesha. Wengine wakatoka nje wakidhani swala imepunguzwa. Aliyesimama ni mtu mmoja wa kawaida, anayejulikana kwa jina la utani kwa sababu ya mikono yake mirefu, akamuuliza Mtume kama swala imefupishwa au amesahau. Kwanza Mtume akajibu kwamba hakuna lililotokea kati ya hayo mawili. Yule mtu akashikilia. Sasa angalieni Mtume alifanya nini. Hakumkemea, na hakumuuliza yeye ni nani hata amsahihishe. Aliwageukia watu akawauliza kama ni kweli. Waliposema ni kweli, akarudi akakamilisha rakaa zilizobaki, akasujudu sijda ya kusahau.

Ndugu zangu, kama Mtume wa Mungu anasahau, na kusahau kwake kunafanywa kuwa funzo kwetu, nani kati yetu atasema yeye hakosei? Na mnaona dini yetu haikuishia kusema "msikosee". Imeweka utaratibu wa siku mtu atakapokosea: aliye nyuma aseme, aliye mbele asikie, kilichopungua kikamilishwe, kisha sijda. Imamu hafukuzwi kwa kusahau rakaa, na rakaa iliyosahaulika haiachwi ikapita kimya.

*Sasa nije kwenye jambo lenyewe.*

Katika jamaa wa msikiti wetu wapo manesi, matabibu, watu wa maabara, wauza dawa, wahudumu wa wodi, madereva wa gari la wagonjwa. Ifakara yetu wengine wanaijua kwa mchele, lakini ni mji wa hospitali pia, ni mji wa utafiti wa malaria, ni mji wa vyuo vya afya. Hakuna nyumba hapa isiyokuwa na mtu anayevaa sare nyeupe au anayetibiwa na mwenye sare nyeupe.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa Ramadhani kama huu, binti mmoja nesi alinifuata barazani baada ya tarawehe. Sitamtaja, wala sitataja alikokuwa akifanya kazi, na haya niyasemayo ameniruhusu. Alikuwa na siku mbili hajalala. Zamu ya usiku alikuwa peke yake, wodi imejaa. Katika kabati la dawa kulikuwa na chupa mbili za sindano, umbo moja, ukubwa mmoja, karatasi zake zinafanana rangi, zimekaa sahani moja. Akamchoma mzee mmoja ile isiyo yake. Mzee akalala usingizi mzito uliomtisha. Akakaa naye mpaka alfajiri anahesabu pumzi zake. Mungu akasaidia, asubuhi mzee akaamka, akaomba uji. Hakuna aliyejua.

Akaniuliza: "Shehe, nifanye nini? Nikisema nitafukuzwa, na nyumbani wananitegemea mimi."

Mimi nikampa jibu nililoliona zuri sana. Nikamwambia, binti yangu, Mwenyezi Mungu amekusitiri, na wewe jisitiri. Tubu, zidisha istighfari, toa sadaka, usirudie. Akalia, akashukuru, akaenda. Nami nikarudi nyumbani nimeridhika, nikidhani nimemtua mtu mzigo.

Haikupita miezi mingi akarudi. Safari hii hakulia. Nesi mwingine, zamu nyingine, alikuwa amefanya kosa lile lile kwa mama mmoja mwenye watoto wadogo. Mama yule hakuamka asubuhi akaomba uji. Alikimbizwa hospitali kubwa, akakaa siku nyingi. Alirudi nyumbani, alhamdulillah, lakini hakurudi vile alivyoondoka.

Binti akaniambia neno moja tu: "Shehe, zile chupa zilikuwa bado pale pale."

*Nilikosea wapi*

Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii. Elimu ya kumsitiri mwenye dhambi ninayo. Tumefundishwa kwamba mja akifanya dhambi usiku na Mungu akamfunika, si vizuri asubuhi aanze kuitangaza. Hilo ni kweli. Lakini mimi nililichukua nikaliweka mahali pasipo pake.

Kwanza, yule binti hakutenda dhambi ya kukusudia. Alichoka, taa hafifu, chupa zinafanana. Hilo ni kosa la kibinadamu. Nikampa dawa ya dhambi kwa ugonjwa usio dhambi.

Pili, palikuwa na haki ya mtu. Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mja, umrudishie mwenyewe. Yule mzee alikuwa na haki ya kujua kilichoingia mwilini mwake. Mimi sikumuuliza binti hata jina la mzee.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, nilimwambia "usirudie". Asirudie vipi, na kabati liko vile vile? Yeye alitubu, kabati halijui kutubu. Chupa ziliendelea kumngoja nesi mwingine aliyechoka.

Huku kwetu mnajua vidaraja vya mbao vya kuvukia vijito kwenda mashambani. Ukikanyaga ubao umeoza, mguu ukazama, ukajishika ukanusurika, utajifuta tope uende zako kimya kwa sababu unaona aibu? Nyuma yako anakuja mama na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani, tumelisoma tangu madrasa. Basi kusema "jamani, ubao huu umeoza" ni katika hilo hilo. Na lile tukio ambalo mtu hakuumia, lile la "ilikuwa kidogo tu", ndilo la kulishukuru na kulisema mapema, maana Mungu amekuonyesha ubao kabla haujamvunja mtu.

Tazameni Suratun-Nisaa, aya ya 92. Mwenyezi Mungu anazungumzia aliyeua kwa bahati mbaya. Hakumhesabu pamoja na muuaji wa kukusudia, huyo ametajwa peke yake katika aya inayofuata, kwa adhabu nzito. Lakini wa bahati mbaya naye hakuambiwa akae kimya. Ana kafara kwa Mola wake, na ana diya kwa watu wa marehemu, isipokuwa wasamehe wenyewe. Sasa jiulizeni: diya inatolewaje gizani? Unawapaje watu haki yao bila kuwaambia kilichotokea? Na atakusameheje mtu asiyejua umemfanyia nini? Sitoi hapa hukumu ya kila tukio la hospitali, hayo yana wanazuoni wake na yana sheria za nchi. Ninachosema ni kwamba aya ile inasimama juu ya ukweli kusemwa.

*Mji wetu ulishafundisha dunia*

Wengi wetu hatujui hili, na ni letu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo dogo katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane katika miji minane ya dunia. London ilikuwemo, Toronto, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na mji wa nane ni Ifakara. Ndiyo, hapa hapa, hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Hawakuleta mashine kubwa wala dawa mpya. Ilikuwa karatasi moja yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu. Kabla ya dawa ya usingizi: mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande gani, kuna dawa inayomdhuru? Kabla ya kisu: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kabla mgonjwa hajatoka: vitambaa, sindano na vyombo vihesabiwe, vilivyoingia ndivyo vilivyotoka?

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, kabla ya karatasi ile wagonjwa 15 katika kila 1,000 walifariki baada ya upasuaji. Baada yake, 8. Waliopata madhara makubwa walikuwa 11 katika kila 100, wakashuka hadi 7.

Mimi nikisoma yale maswali nasikia safu za swala. Kwa nini kila mtu ataje jina lake, mpaka yule mdogo kabisa anayeshika vyombo? Naona ni kwa sababu mtu akishafungua mdomo mara moja, mara ya pili inakuwa rahisi. Aliyesema "mimi ni fulani, nesi" mbele ya daktari bingwa, akiona kitu hakiko sawa atasema, "Daktari, hebu subiri kidogo." Ile ndiyo Subhanallah ya chumba cha upasuaji.

Na pasipo na Subhanallah hiyo? Novemba 2007, wakati karatasi hiyo ikiwa katika majaribio, katika taasisi ya mifupa pale Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyetakiwa kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Nchi nzima ililia na kukasirika. Zaidi ya miaka 10 ikapita, mwaka 2018 Nairobi, hospitali ya Kenyatta, wagonjwa wakachanganywa tena, mmoja akafunguliwa fuvu wakitafuta damu iliyoganda ambayo ilikuwa kwa mwenzake. Sikuwepo huko, simhukumu mtu. Nauliza tu: kutoka wodini mpaka kwenye kitanda cha upasuaji mgonjwa anapita mikononi mwa watu wangapi? Hivi hakuna hata mmoja aliyepata shaka, akasema moyoni, labda wanajua wanachofanya?

*Mwalimu wa fimbo*

Atakuja mtu aseme: shehe, unawatetea wazembe. La. Anayekuja kazini amelewa, anayelala mgonjwa akimwita, anayeuza dawa za wodi, anayeomba chochote ndipo akuhudumie, huyo ana hesabu yake duniani na akhera, wala simfungii mlango wa sheria. Mwenye kukusudia si sawa na mwenye kuteleza.

Lakini mimi ni mwalimu pia, nimeshika chaki kabla ya kushika mimbari. Nawaambieni nilichokiona darasani. Ukimchapa mtoto kwa kila jibu lisilo sahihi, hataacha kukosea. Ataacha kukuonyesha daftari. Utakuta daftari safi, majibu yote ya kunakili, unajisifu kuwa unafundisha vizuri, mpaka siku ya mtihani. Hospitali yenye daftari safi, ambayo mwaka mzima hakuna aliyeripoti kosa, mimi ningeiogopa.

Mnakumbuka katika Suratul A'raaf, Iblisi na baba yetu Adamu wote walikosea amri. Iblisi alipoulizwa akajitukuza, kisha akamtupia Mola wake lawama ya kupotea kwake. Adamu na Hawa wakakiri wamejidhulumu, wakaomba msamaha. Walipotofautiana ni hapo, baada ya kosa.

*Kila mmoja wetu na fungu lake*

Ewe nesi, tabibu, mtu wa maabara: ukikosea, mgonjwa kwanza. Muangalie, mwite mwenzako, okoa. Kisha sema kwa mkubwa wako siku hiyo hiyo, na uandike. Ukiona bado hujakosea ila chupa zinafanana, sema leo. Na unapokabidhi zamu, usimfiche anayekupokea.

Ewe mganga mfawidhi, matroni, mkubwa wa idara: siku mdogo wako atakapokuja na kosa mkononi, neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atakuja wa pili. Fanya kama alivyofanya Mtume, waulize watu ni kweli, kisha kamilisha kilichopungua. Kabla ya kuuliza nani, uliza kwa nini. Alikuwa peke yake na wagonjwa wangapi? Na familia ya mgonjwa waambiwe na nyinyi, kwa upole, kabla hawajaambiwa na uvumi wa sokoni.

Nasi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa tunalo fungu letu. Ukiulizwa jina mara tatu na watu watatu, usinune ukasema "nimeshasema". Taja yote, jina lako, la baba na la babu, huenda wodini mko akina Hamisi wanne. Uliza kwa adabu, dawa hii ni ya nini. Sema kama kuna dawa ilikudhuru zamani. Na mwezi huu wa funga, mwenye kisukari au presha aliyepanga upya dawa zake kichwani mwake bila kumwambia daktari, huyo naye anaficha kosa. Mwambie daktari wako leo. Rukhsa ya mgonjwa ni ya Mungu, usiione aibu.

Na nesi akija kwako akakwambia, "Mama, jana tulikosea, tumefanya hivi na hivi kurekebisha, utusamehe", najua itauma. Dai haki yako kwa njia yake. Lakini usimpige, usimpige picha ukamrushe kwenye magrupu. Amekuja na kitu kigumu kuliko vyote, na ukimvunja huyo, wenzake wote wanaona.

*Fungu langu*

Na mimi? Nimebaki na langu. Yule binti mara ya pili hakuja kuuliza, alikuja kuniarifu tu. Alishakwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasimulia yote, lake na la miezi ile. Hakufukuzwa. Mkubwa wake alihamisha chupa moja kabati jingine, akabandika plasta, akaandika kwa kalamu nene. Kazi ya dakika tano. Kisha wakatafuta namna ya kuzungumza na yule mama na watu wake, na yule mzee naye.

Dakika tano zile zingeweza kufanyika tangu Ramadhani ile, kama mimi ningemuuliza swali moja: chupa ziko wapi?

Basi leo nasema mbele yenu: nilimshauri vibaya, na mtu aliumia baada ya ushauri wangu. Nimemuomba radhi binti yule. Nimemuomba Mola wangu msamaha. Na kwa yeyote niliyewahi kumwambia "nyamaza, Mungu amekusitiri" juu ya jambo ambalo mwingine angeweza kudhurika nalo, rudi kwangu, tulitazame upya. Hii ndiyo sijda yangu ya kusahau.

Usiku huu nikisimama mbele yenu, nikikosea, nawaombeni safu ya kwanza msimwachie mtoto peke yake. Msiseme labda najua ninachofanya.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyokosea kwa kusahau na tuliyokosea kwa kujua. Waponye wagonjwa wetu walioko wodini na majumbani. Wape nguvu wanaokesha nao. Zipe ndimi zetu ujasiri wa kusema na masikio yetu upole wa kusikia. Mfariji yule mama na wanawe. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

📌 Futari ya pamoja ni Ijumaa, inshallah. Mwenye chochote akikabidhi kwa kamati ya akina mama. Mtumie darsa hili ndugu yako mmoja anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa.